Ukija chuo na familia: maneno ya ofisini kwa wageni wa mwaka huu

Kila mwaka chuo kikifunguliwa, meza yangu hapa idarani hupokea wageni wa aina mbili. Wapo wanafunzi wa mwaka wa kwanza na bahasha zao za kaki, na wapo watumishi wa ajira mpya, wengi wao TA, yaani walimu wasaidizi, waliomaliza juzi tu. Kila mmoja huuliza la kwake: hosteli, bumu (fedha ya kujikimu ya mkopo), mshahara wa kwanza unaingia lini, nitakaa chumba gani. Swali la nani atamwangalia mtoto, au nani atampeleka mama kliniki, huja baadaye, mara nyingi katikati ya mitihani, na mwenye nalo hulileta kwa sauti ya chini kana kwamba amekuja kukopa. Ndiyo maana naandika mapema.

Nafanya kazi ya utawala katika chuo cha umma hapa Dar es Salaam. Watu wa chuo wana huruma kuliko mnavyosikia huko nje. Mkuu wa idara atakwambia, "Nenda tu, mama, tutaona." Ila wakuu wa idara hubadilika, na "tutaona" haiingii kwenye faili. Anakuja mwingine, anafungua faili lako, anakuta wiki tatu hazina maelezo, naye wala hakujui. Kwa hiyo ruhusa ukishapewa kwa mdomo, rudi mezani uiandike. Barua ya nusu ukurasa inatosha: jina, namba, jambo lenyewe, tarehe ya kuanza na ya kurudi. Chapa nakala mbili, peleka masijala, moja wabaki nayo, ya pili wagonge muhuri wa kupokea wenye tarehe, uende nayo nyumbani. Watumishi wa umma siku hizi huomba likizo mtandaoni kwenye mfumo wa ESS, sawa, lakini nakala ya karatasi sijaona ikimdhuru mtu.

Nianze na wanafunzi wa kike. Wengi mmetoka sekondari mkijua kwamba mimba ni mwisho wa shule. Hata ruhusa ya wasichana waliojifungua kurudi darasani ilitangazwa Novemba 2021 tu. Chuo kikuu ni mambo mengine. Wewe ni mtu mzima na mimba haikufukuzi chuo. Kinachowaondoa watu ni kupotea kimyakimya. Mwanafunzi anakosa testi mbili, anakosa semina, mwishowe hatokei kwenye UE, mtihani wa mwisho wa semista, na mfumo wa matokeo haujui kama alikuwa leba. Unachojua ni kwamba hana alama.

Nakumbuka binti mmoja aliyekuja na mtoto mgongoni siku chache baada ya mitihani kuisha. Aliweka vitu vyake mezani kimoja kimoja: kadi ya kliniki, karatasi ya kuruhusiwa wodini, tangazo la kizazi la mtoto. Vyote halali. "Shikamoo mama, nimekuja kuomba special." Yaani mtihani wa baadaye kwa aliyekosa UE kwa sababu halali. Nikamwuliza barua ya kabla ya mtihani iko wapi. Hakuwa nayo; alikuwa amemwambia mwalimu mmoja kwenye korido, na mwalimu alimwonea huruma kweli. Kesi ikapanda vikao, ikarudi, ikapanda tena, na ilipokuja kuamuliwa wenzake walikuwa wameshaanza semista nyingine. Alirudia. Barua ya siku moja kabla ya UE ingemwondolea yote hayo.

Hesabu ya kufanya ni hii. Angalia tarehe ya kujifungua uliyopewa kliniki, kisha uilinganishe na almanaka ya chuo. Ikiangukia karibu na UE na kozi umeshazifanya, CA yako ya alama 40, zile za testi na kazi za semista, ipo salama. Omba kuahirisha mtihani, utafanya special. Ikiangukia katikati ya semista, kujilazimisha ni kujitafutia sapu, mitihani ya marudio, za kozi zote, kwa hiyo fikiria kuahirisha masomo. Lakini ukiahirisha, mkopo nao unasimama, na haurudi wenyewe siku ukirudi. Mwone afisa mikopo wa chuo kabla hujaondoka, na umwone tena kabla hujaripoti. Nimeona watu wamerudi na mtoto wa mwaka mmoja, wanakaa wiki kadhaa bila senti, kwa sababu jina halikurudishwa kwenye orodha.

Na fedha yenyewe tuiseme wazi. Posho ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo ni hadi shilingi 10,000 kwa siku tangu mwaka 2022, na haiongezeki ukipata mtoto. Kitanda cha hosteli ni cha mtu mmoja. Kubebana na rafiki kunawezekana, wengi mmesoma hivyo, ila mtoto akilia saa nane usiku chumba kizima kinajua, na hosteli hazipokei watoto. Utahitaji chumba mtaani, Msewe au Changanyikeni au popote miguu inapofika, maana nauli nayo inakula bumu. Bima ya afya ya mwanafunzi ya NHIF, ile ya shilingi 50,400 kwa mwaka, ni yako peke yako. Kadi haimchukui mtoto. Kwa sera, mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano hawalipii huduma katika vituo vya serikali, ingawa ukifika dirisha la dawa unaweza kuambiwa ukanunue nje. Weka akiba ya hilo.

Ofisi ya mshauri wa wanafunzi ipo kwa ajili ya mambo haya. Wengi huiona kama ofisi ya nidhamu, wakaikwepa. Nendeni. Wale ndio wanaojua ni mwenye nyumba gani anapokea mpangaji mwenye mtoto bila maswali.

Sasa watumishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Hizo kila mtu anazijua. Kinachosahaulika ni kwamba sheria hiyohiyo inakutaka umpe mwajiri taarifa angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua, pamoja na cheti cha daktari, na kwamba unaweza kuanza likizo wiki nne kabla. Naelewa kwa nini watu husubiri tumbo lijitangaze. Watu wana macho. Lakini kumwambia afisa utumishi si kuitangazia korido nzima, na chuo kina sababu yake ya kuhitaji miezi hiyo: kozi yako lazima ipate mtu. Ukisema semista inapopangwa, mtu atapatikana. Ukisema wiki ya tano, utajikuta unasahihisha testi na mtoto kifuani, nimeshuhudia.

Mnaofanya kazi maabara msisubiri hata miezi hiyo mitatu. Sheria inakataza mjamzito au anayenyonyesha kupewa kazi yenye hatari kwa afya yake au ya mtoto, na mnajua wenyewe mnachovuta kwenye chumba cha fomalini. Mwambie msimamizi mapema akuhamishie kwenye kazi nyingine. Mama aliyejifungua njiti naye asianze kuhesabu siku 84 kienyeji. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2025 yamemwongezea muda, kwa hiyo apeleke karatasi ya hospitali inayoonyesha mimba ilikuwa na wiki ngapi.

Halafu kuna saa mbili. Mama anayenyonyesha anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku, ndani ya saa za kazi, kwenda kumnyonyesha mtoto. Kwenye karatasi ni jambo zuri. Kwa mtu anayeishi Mbagala na kufanya kazi Ubungo, saa mbili zinaishia kwenye foleni kabla hajamwona mtoto. Waliofanikiwa hapa kwetu ni wale walioziomba kwa maandishi zikae pamoja mwisho wa siku, wakatoka mapema, na walikwenda kwa mratibu wa ratiba kabla ratiba haijatoka. Nasisitiza kabla. Ratiba ikishabandikwa, kukutoa kwenye kipindi cha saa kumi na moja jioni ni kugusa kumbi na walimu wengine, na hata mwenye nia njema atakwambia haiwezekani. Wengine hukamua maziwa ofisini. Tafuteni chumba chenye kitasa, na friji ya chai. Friji ya maabara, yenye sampuli za watu, hapana, tafadhali.

Akina baba mna siku tatu zenye malipo, mradi uzichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Ni chache, zisipotee.

Nimeona wageni wengi wakidhani familia ni mtoto tu. Hapa chuoni kinachowatoa watu machozi mara nyingi ni wazazi. Sheria inatoa siku nne zenye malipo kwa mtoto wako akiugua au akifariki, na kwa kifo cha mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Soma tena sentensi hiyo. Kuugua kumetajwa kwa mtoto peke yake. Mama yako akilazwa Muhimbili wiki mbili, sheria hiyo haikupi siku hata moja yenye malipo ya kumuuguza. Akifariki ndipo unapewa za kumzika. Na hizo nne ni za mzunguko mzima wa miezi 36, hata kama misiba ni mitatu. Mimi naona ni kasoro, na nimelisema hilo vikaoni. Mpaka ibadilishwe, unachotegemea ni likizo yako ya mwaka ya siku 28 na ruhusa ya mkuu wako. Kwa hiyo mwenye mzazi mgonjwa asiimalize likizo yote Desemba kwa kufuata mkumbo. Abakize siku kumi na kitu za dharura, aombe vipande vipande.

Upande wa matibabu, bima ya mtumishi inamchukua mwenzi wako na wategemezi hadi wanne, na wazazi wako au wakwe wanaweza kuwa kati ya hao. Hapo ndipo karatasi zinapogoma. Ili kumwandikisha mama, jina lake linatafutwa kwenye cheti chako cha kuzaliwa. Kwenye cheti ameandikwa Mwajuma, kwenye kitambulisho cha NIDA ni Mwanajuma, kijijini anaitwa Mama Side, na dirishani wanakwambia hao ni watu wawili. Ukimwandikisha mama mkwe, kinachohitajika ni cheti cha kuzaliwa cha mwenzi wako, ambacho pengine yeye mwenyewe hajawahi kukiona. Kurekebisha majina RITA, wanakosajili vizazi na vifo, au kupata kiapo kwa wakili huchukua muda, na wagonjwa hawana muda huo. Fanya wiki ya kwanza ya ajira, wakati wazazi bado wazima na unayo nguvu ya kupanga foleni. Fomu ya taarifa zako binafsi nayo uijaze kwa makini siku hiyohiyo, maana wategemezi uliowataja humo ndio watakaoangaliwa hata kwenye nauli ya likizo, ile ya kila baada ya miaka miwili.

Kuhusu mlezi wa mtoto sitasema mengi, kila nyumba ina yake. Ukimtegemea dada wa kazi, mpange na likizo yake, asije akaondoka kwenda kwao wiki ya UE. Ukichagua deikea, uliza kama imesajiliwa ustawi wa jamii, kisha ipitie siku usiyotarajiwa, saa ya uji. Utajua.

Nimewaacha mwisho wale ambao mara nyingi hakuna anayewaandikia: wa mikataba mifupi, walimu wa muda, na kina mama wa usafi walioajiriwa na mzabuni. Sheria inasema mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kazini hana haki ya likizo yenye malipo. Lakini mwenye mikataba mifupi iliyorudiwarudiwa ndani ya mwaka mmoja kwa mwajiri yuleyule, na jumla ikavuka miezi sita, anayo. Kwa hiyo usitupe mkataba ulioisha. Mikataba yote ipange kwa tarehe ndani ya faili moja, na kabla hujasaini mpya, soma siku ya kuanza na siku ya kuisha. Kwenu kina mama wa usafi, mwajiri ni mzabuni na hapo ndipo barua ya uzazi inapokwenda. Nakala leteni kwa afisa utawala wa jengo mnalosafisha, tuigonge muhuri.