Umerudi kwa wazazi na simu haishuki mkononi

Pole sana mdogo wangu. Umemaliza chuo, umerudi Mbagala kwa wazazi, ajira bado, unakesha TikTok mpaka saa nane usiku halafu asubuhi mama anakukuta umelala na maneno yanaanza. Nimekuelewa, ila naona simu sio tatizo lote, shida ni huna cha kuamkia.

Anzia hapo. Chukua kazi moja ya nyumbani iwe yako kila siku, hata kwenda sokoni saa kumi na mbili asubuhi, hiyo itakulaza mapema kuliko kiapo chochote. Usiku simu ichajie sebuleni, nunua saa ya mezani ya kukuamsha. Kama ni Android ingia setingi, Digital Wellbeing, pale pa kuwekea app kikomo cha muda, wekea TikTok dakika 30 kwa siku. Usifute akaunti kwa hasira, kesho utairudisha.

Na mzee usisubiri alipuke, mkishakula mkae umuonyeshe maombi ya kazi uliyotuma, maana yeye akiona simu anajua ni umbea tu.

Ila kama usingizi haurudi hata simu ikiwa mbali, au wiki mbili mfululizo unajiona huna thamani, nenda kamuone daktari, hospitali ya Muhimbili wanatibu afya ya akili. Ukifikiria kujidhuru usisubiri wiki mbili, mwambie mtu nyumbani leo leo akupeleke.