Pima kwanza: kwa fundi anayeanza kushika mashine za boti za Mtera

Kama umetoka kwenye bodaboda hapa Dodoma na sasa wavuvi wa bwawa la Mtera wameanza kukuletea mashine za boti, nusu ya kazi tayari unaijua. Hiyo nusu nyingine ndiyo nakuandikia, hasa upande wa umeme, maana huko ndiko mafundi wapya wanakowatia wavuvi hasara. Mashine ikigoma, fundi anasema "sidiai imekufa", yaani CDI, kile kisanduku cha umeme kinachoamuru plagi itoe moto. Mvuvi anatuma hela Dar es Salaam, kifaa kinakuja na basi, kinafungwa, na mashine haiwaki. Kifaa cha umeme kikishafungwa, muuzaji hakipokei tena. Kwa hiyo usimwambie mtu anunue kitu ambacho wewe mwenyewe hujakipima.

Anza kwa kumuuliza mwenye mashine aliinunua wapi. Maji ya Mtera ni ya mito, Ruaha Mkuu na Kisigo, hayana chumvi. Lakini mashine kuukuu zinazofika huku mara nyingi zimenunuliwa pwani zikiwa zimeshatumika baharini miaka mingi, na chumvi imekuja nazo. Imejificha ndani ya soketi na chini ya ganda la waya, na mvua za Desemba zikianza inavuta unyevu. Waya wa namna hiyo ukiuangalia kwa nje ni mzima kabisa. Uchubue kidogo karibu na kichwa chake: ukikuta shaba imekuwa nyeusi au ya kijani, endelea kukata mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa. Ukifunga kichwa kipya juu ya shaba nyeusi, umefanya kazi bure.

Sasa tuje kwenye tofauti kubwa kati ya mashine hizi na pikipiki. Bodaboda nyingi za siku hizi sidiai yake inalishwa volti 12 kutoka kwenye betri kupitia swichi, ukizima swichi umeme umekatika. Mashine za boti za zamani za viboko viwili (two-stroke), kama zile Yamaha za kuvuta kamba, hazihitaji betri ili ziwake. Chini ya gurudumu la sumaku kuna koili ya kuchaji. Ukivuta kamba, sumaku inapita mbele yake na koili inazalisha volti mia na zaidi, ambazo zinahifadhiwa ndani ya sidiai. Koili nyingine ndogo inatoa ishara, sidiai inaachia umeme wote kwa mkupuo kwenda kwenye koili ya plagi, na hiyo inaukuza mpaka maelfu ya volti.

Kwa mpango huo, swichi ya kuzimia nayo inafanya kazi kinyume na ulivyozoea. Haikati umeme, bali inaupeleka kwenye bodi ya injini, yaani chuma chake, ili usifike kwenye plagi. Kwenye Yamaha nyingi waya huo ni mweupe, na wa bodi ni mweusi. Usiupe waya wa kuzimia volti 12 hata kwa sekunde moja, hata kama ni kwa taa ya kupimia tu. Utaiua sidiai iliyokuwa nzima, na hapo ndipo utakapokuwa na kazi ya kununua kweli.

Maana yake ni kwamba plagi ikikosa moto, mtuhumiwa wa kwanza ni waya wa kuzimia. Ganda likichubuka mahali na shaba ikagusa chuma, mashine inajiona imezimwa muda wote. Swichi yenye unyevu au kutu ndani inaleta ugonjwa huo huo. Chomoa waya huo pale unapoingilia kwenye sidiai, kisha vuta kamba huku ukiangalia plagi, kwa namna ya kupima moto nitakayokueleza hapo chini. Moto ukirudi, sidiai ni nzima, koili ni nzima, na ubovu uko kwenye swichi au waya wake. Jaribio hili halina gharama yoyote, na ndilo ninalotaka ulifanye kabla ya mengine yote.

Lakini usimrudishie mvuvi mashine ikiwa waya huo umechomolewa. Najua kuna mafundi wanafanya hivyo, "inawaka, si ndiyo alichotaka?" Swichi hiyo ina kamba ambayo nahodha anajifunga mkononi, ili akianguka majini mashine izime. Ukiikata, mtu akidondoka, boti inaendelea bila yeye au inamzunguka na pangaboi likiwa linazunguka, tena kwenye bwawa lenye viboko na mamba. Tengeneza swichi.

Kabla ya kupima moto, peleka tangi la petroli mbali na futa palipomwagika. Chomoa plagi zote, zirudishe kwenye kofia zake, kisha zibane kwenye chuma kisafi cha injini, mbali na matundu ya silinda, maana mvuke wa petroli hutoka humo ukivuta kamba. Mashine nyingi za silinda mbili zina koili moja yenye nyaya mbili, na moto unapita plagi zote mbili kwa pamoja. Ukiibana moja na kuiacha nyingine ikining'inia, unaweza kukosa moto kote na kuihukumu koili isiyo na kosa. Zaidi ya hapo, umeme ukikosa njia unaweza kupasua koili kwa ndani. Vuta kamba kwa nguvu, kwa sababu gurudumu likizunguka polepole moto hautoki hata kwa mashine mpya. Unatafuta cheche ya bluu inayosikika. Ya njano iliyofifia ni dalili ya udhaifu.

Mashine ambayo kila silinda ina koili yake ni rahisi zaidi. Moto ukikosekana upande mmoja, badilishana koili. Ubovu ukihama na koili, nunua koili. Ukibaki palepale, tatizo liko kabla ya koili.

Nikikuta moto hafifu huwa naenda kwenye waya wa bodi kabla ya kufungua gurudumu la sumaku. Fungua bolti inayobana ule waya mweusi, piga msasa kichwa chake na chuma kilicho chini yake mpaka ving'ae, funga tena, pakaa grisi kidogo kwa juu. Barabara za kwenda kwenye kambi za wavuvi zinatikisa mashine nyuma ya pikapu, na bolti hizi hulegea.

Ukifika kwenye kupima koili kwa mita, tumia vipimo vya kitabu cha mashine hiyo hiyo, usibahatishe kwa kulinganisha na ya jirani. Ujue pia kwamba mita ya kawaida haiwezi kusoma umeme unaotoka kwenye sidiai, unapita haraka mno. Panahitajika adapta ya kupima kilele cha volti. Kama huna, sidiai unaihukumu mwisho, baada ya kuthibitisha kwamba kila kinachoingia na kutoka kwake ni kizima.

Moto ukiwa mzuri lakini mashine inapiga kamba nyuma au inakohoa kwenye kabureta, angalia kii ya gurudumu la sumaku, kile kipande kidogo cha chuma kinacholishikilia mahali pake kwenye shafti. Ikikatika, gurudumu linahama na majira ya moto yanaharibika.

Zenye stata zina mambo yake, ila ni machache. Betri iliyojaa ikiwa imetulia inasoma karibu volti 12.6, ukipiga stata ikashuka chini ya 9.6, ishughulikie kwanza. Stata isipolia kabisa, angalia fyuzi na uhakikishe gia iko nyutro. Ikilia "tak" halafu kimya, weka mita kati ya ncha hasi ya betri na bodi ya injini, mtu apige stata: ukiona zaidi ya nusu volti, waya au kiungo hicho ni kibovu. Na usichomoe betri mashine ikiwa inanguruma wala kugeuza nyaya zake, rektifaya, kifaa kinachogeuza umeme wa mashine uweze kuchaji betri, inaungua.

Kuna ugonjwa mmoja unaosumbua sana: mashine inawaka vizuri asubuhi, inazima katikati ya bwawa, ikipoa inawaka tena. Mara nyingi ni koili ambayo waya wake wa ndani umepasuka, joto likipanda inaachana. Ukiipima ikiwa baridi kwenye benchi, mita inakuambia ni nzima. Itumbukize mashine kwenye pipa, maji yapite juu ya tundu la kufyonzea, na iache ingurume mpaka ipate joto kamili, huku ukihakikisha inatema maji. Ikizima, usiende kunywa chai ukisubiri ipoe. Angalia moto palepale, kisha pima koili zikiwa bado za moto, uandike namba. Isubiri ipoe, upime tena. Koili ambayo namba zake zimeruka au zimepotea kwenye joto ndiyo utakayomwambia mvuvi aagize.