Alamanda yajaa majani, maua hakuna

Dada, kwa ulivyoeleza, alamanda yako iko chini ya mwembe, unaipa samadi kila mwezi, na mwaka wa pili huu hujaona ua. Tatizo ni kivuli. Mmea huu wa Amerika Kusini unataka jua kali, saa 6 au zaidi kwa siku. Yangu niliibembeleza bure kivulini! Usiung'oe: kata kipande cha shina, shubiri moja hivi, kichomeke kwenye mchanga wenye unyevu, kikishika kihamishie uzioni, ukifunge kwenye waya maana hakijui kujishika. Samadi punguza, inaleta majani tu. Ukikata vaa glavu, utomvu wake mweupe unawasha. Mtoto akitafuna, mkimbize hospitali.