Bei kabla ya penseli: maswali yenu kuhusu kazi ya kuchora katuni

Mwangaluka wasomaji wangu. Mwezi huu meseji zimeingia nyingi na karibu zote zinatoka kwa watu wanaochora, au wazazi wao, kwahiyo nimeamua safu yote iwe ya hilo. Kwa wageni wa safu hii, mi nachora katuni za oda hapa Mwanza, chumba changu cha kazi kipo Kirumba, sina mwajiri, naishi kwa oda za watu na kwa meza ninayopanga kwenye maonyesho. Ntakayoyajibu hapa nimeyapitia mwenyewe.

*Kaka habari za kazi. Mi ni binti wa miaka 23 nipo Igoma, nachora sura za watu kwa simu naposti status. Shida yangu bei. Mtu akiniuliza shingapi nasema "utanipa chochote", nikimaliza ananipa elfu 5 au ananiambia Mungu akubariki. Sasa shangazi ametaka nimchoree mwanae na bwana harusi, picha kubwa ya kuweka ukumbini, nimekesha siku tatu na hakuna aliyegusia hela. Naogopa nikitaja bei nitaonekana nina tamaa. Nifanyeje?*

Mdogo wangu, hilo neno "utanipa chochote" lifute leo, hata kabla hujamaliza kusoma hii. Bei inatajwa kabla penseli haijagusa karatasi. Sababu ni kwamba kabla hujachora mteja anapima bei yako na hamu yake, anajiuliza naitaka hii picha kiasi gani, ila ukishachora picha ipo tayari mbele yake, anaona kama kitu ambacho hakikugharimu chochote, zile siku tatu hakuziona na hawezi kuziona, aliyeziona ni wewe na balbu yako.

Halafu hiyo hofu ya tamaa, pita pale kwa mafundi cherehani wowote mjini. Fundi anakupima, anakutajia bei, anachukua nusu, anakuandika kwenye daftari, na hakuna anayeondoka pale akisema yule fundi ana tamaa. Kazi ya mkono ndio ilivyo. Sisi wachoraji tumejiweka pembeni tu kwasababu tulianza kuchora shuleni kwa kupenda, tukadhani kitu unachokipenda huwezi kukidai hela.

Sasa namna ya kuipata bei. Chora oda tatu ukiwa na saa pembeni, andika masaa yote, pamoja na yale ya kuchati na mteja na kurekebisha, maana hayo ndo yanatuibia. Mi sura moja nyeusi na nyeupe ukubwa wa A4 inanichukua masaa matatu mpaka manne, ya rangi inafika siku nzima. Jiulize siku yako moja ya kazi unataka ikuachie shilingi ngapi baada ya bando, umeme na karatasi, gawa, utapata namba. Hiyo namba itakutisha mwanzoni, itaje tu hivohivo na usianze kujitetea. Wengine wataondoka, sawa, waliobaki ndo wateja.

Meseji ninayotuma mi iko hivi, ichukue ibadilishe utakavyo: "Asante kwa oda. Picha ya watu wawili rangi ni kiasi kadhaa. Nusu unatanguliza, naanza siku hiyohiyo. Ntakutumia rafu (mchoro wa awali), unaruhusiwa kurekebisha mara mbili, ya tatu inaongezeka bei. Ukimalizia nusu ya pili nakutumia picha kamili." Basi. Na rafu itume ikiwa ndogo, jina lako limepita katikati ya sura, faili kubwa linatoka hela ikishaingia kwenye simu. Nimeshawahi kutuma faili kamili kwa mtu aliyeniambia yuko kwenye foleni ya wakala, mpaka leo nadhani foleni haijaisha.

Kuhusu shangazi, hapo usimdai. Hukumtajia bei, sasa hivi ukimwambia utamvunja moyo na harusi yenyewe iko karibu. Ila mpigie, usimtumie meseji, mwambie "shangazi shikamoo, ile picha ni zawadi yangu kwa dada", ili ijulikane kwamba ni zawadi na sio kazi ya bure. Halafu muombe jina na namba yako vikae kwenye kona ya chini ya picha. Ukumbini watapita watu kibao na kila mtu ana harusi inayokuja. Na oda nyingine ya ndugu ikija, amua kabla: hii nazawadia, hii nauza, mwambie palepale.

*Bro, jamaa mmoja wa Nyakato anafungasha dagaa anataka nimchoree mhusika wa kuweka kwenye pakiti, dagaa mwenye uso anacheka. Anasema tukubaliane mdomo tu, nitalipwa bidhaa ikianza kutembea. Ni dili?*

Hapana. Mwaka wangu wa pili kwenye kazi hii kuna mfanyabiashara, simtaji, alinipa oda ya sangara amevaa kofia, kwa mdomo hivohivo. Nilikaa siku nne, nikachora mikao sita, akaangalia akasema wenzake wamebadili mawazo, asante kwa muda wako. Miezi kama mitano mbele nimesimama soko la samaki la Mwaloni nanunua sato, mama mmoja pembeni yangu kabeba mfuko, naangalia, ni sangara wangu. Mpaka mkunjo wa kofia upande wa kushoto ni ule niliouchora mimi. Sikuwa na karatasi, sikuwa na meseji yenye bei, sikuwa na pa kuanzia. Nilirudi chumbani kwangu kwa miguu siku ile na sikuchora kwa wiki nzima.

Kwahiyo andikeni, ukurasa mmoja unatosha. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki, namba 7 ya mwaka 1999, inailinda michoro, na ulinzi wenyewe unadumu maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya kufa kwake, ni mali hiyo kaka, wanao wanaweza kuirithi. Ila ukiwa na kazi ya oda, kinachokuokoa ni mlivyoandikiana. Taja kama anauziwa mhusika moja kwa moja au anaruhusiwa kumtumia tu, kwenye pakiti peke yake au na mabango na tisheti, kwa miaka mingapi. Bei ya kumuuza moja kwa moja iwe mara kadhaa ya bei ya kumtumia, maana ukishamuuza humchori tena kwa ajili ya mtu mwingine. Wekeni sahihi wote wawili, piga picha ile karatasi, itume kwenye WhatsApp yake aijibu. Na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya hapa nchini, wanasajili kazi za sanaa, nenda kamsajili dagaa wako.

Kitu kimoja kidogo, kama ni kampuni, wanaweza kukata asilimia 5 ya malipo yako kama kodi ya zuio. Sio wizi, ila dai cheti chake, ndo ushahidi wako TRA kwamba hiyo hela ilishakatwa.

*Habari mwandishi. Nachora vibonzo vya kufikirika, mashujaa wa Kisukuma hivi. Nimealikwa Nairobi kwenye maonyesho ya vibonzo kama mgeni, watanipa meza bure siku mbili lakini nauli na malazi najitegemea. Wenzangu wanasema nisiende nitarudi mweupe. Nipo Buzuruga.*

Hili nilikuwa nalisubiri, nalipenda sana.

Kwanza piga hesabu ya meza bila kujidanganya. Tuseme umeprinti picha 60 za A4 kwenye karatasi ngumu kwa 1,500 kila moja, hiyo ni 90,000. Ukiuza kwa 5,000, picha 18 zinakurudishia hela ya kuprinti, kuanzia ya 19 ndo unaanza kurudisha nauli, chakula na kulala. Sasa weka nauli yako ya basi kwenda na kurudi, weka usiku unaolala, uone unatakiwa kuuza ngapi. Kama jibu ni zaidi ya picha 60 ulizobeba, basi kwa kuuza peke yake hutoki, na ni bora ulijue hilo ukiwa Buzuruga kuliko ukalijue Nairobi.

Lakini mi ningeenda. Kwenye meza kuuza printi ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni oda za papo kwa papo na watu unaowakusanya. Mtu anasimama, unamchora ndani ya dakika 10 mpaka 15, wakati unamchora wengine wanajaa nyuma yake wanaangalia mkono, hapo ndo meza inapoamka. Weka bei kwenye kibao kikubwa, usisubiri kuulizwa. Kuwa na daftari, jina, namba, amelipa au bado, na usipokee oda nyingi kuliko masaa yaliyobaki, mchana wa siku ya mwisho sema wazi "hizi nitamalizia nyumbani nitume". Mi nilishapokea oda 22 kwenye siku moja nikadhani nimetajirika, mkono ulikufa ganzi kwenye ya 14, zile nane za mwisho nilizichora vibaya na wale watu nane wana hizo picha majumbani kwao mpaka leo, inaniuma.

Usidharau pia kisa maonyesho ni madogo. Yale makubwa ya San Diego kule Marekani mwaka wao wa kwanza, 1970, walikusanyika watu kama 300 kwenye hoteli moja, leo wanapita laki moja. Waliokuwa na meza miaka ile ya mwanzo walikua pamoja nayo. Na sisi tuna mfano wa karibu, Gado, kijana wa Dar es Salaam, alihamia Nairobi mwaka 1992 kuchora katuni kwenye gazeti la Nation na jina lake likajulikana dunia nzima kutokea pale.

Waandikie waandaaji uombe vitu viwili: kama hawana nauli basi wakupatie mchoraji wa hapohapo wa kukuhifadhi siku hizo, na wakuweke kwenye kipindi cha kuongea jukwaani, hata nusu saa. Mgeni anayeongea jukwaani watu wanamfuata mezani. Safari yenyewe, pasipoti au hati ya dharura kutoka Uhamiaji, kadi ya homa ya manjano, mpakani Sirari uwe navyo mkononi. Printi zibebe kwenye bomba gumu la plastiki, zisikunjwe.

Na usisubiri Nairobi ikuite ndo uwe na meza. Mashujaa wa Kisukuma? Mwezi wa sita pale Bujora kuna Bulabo, sikukuu ya ngoma za Kisukuma, makundi ya Bagika na Bagalu wanashindana ngoma na watu wanatoka kila kona ya Usukumani, sijui watu gani tena wataielewa kazi yako kuliko hao. Nane Nane Nyamhongolo nayo nimewahi kuweka meza katikati ya mbegu na matrekta, watoto walizunguka kutwa. Meza ikiwa karibu na maji, ukifika mchana upepo wa ziwa unaanza na karatasi zinaruka, mi nabeba mawe ya mviringo niliyookota ufukweni, naweka moja juu ya kila rundo, na watu huwa wanauliza bei ya mawe.

*Mwanangu kamaliza chuo, anachora tu usiku na mchana. Ni kazi hiyo kweli au nimtafutie mtu wa kumuingiza ofisini? Mama, Nyegezi.*

Shikamoo mama. Ni kazi. Chakubanga, yule mhusika wa katuni wa Christian Gregory, alisomwa kwenye gazeti la Uhuru enzi zenu mama, na Masoud Kipanya amekaa kwenye katuni miaka na miaka. Ila sikufichi, hela yake haiji kwa mstari, Desemba oda zinanijaa, Februari simu kimya na kodi ya chumba haijui kama ni Februari. Muombe akuonyeshe daftari la oda. Kama analo, mpe mwaka mmoja akiwa hapo nyumbani, chakula na kitanda chako ndo mtaji wake mkubwa. Kama hana daftari, mnunulie.

*Nachora ziwa kwa bluu kali kwenye tableti, nikiprinti mjini linatoka zambarau. Printa mbovu?*

Printa nzima hiyo. Skrini yako inatengeneza rangi kwa mwanga, printa inatumia wino wa aina nne, na ile bluu kali haimo kwenye wino, kwahiyo inachanganya wino wa bluu-maji (cyan) na wa pinki (magenta), pinki ikizidi ndo zambarau unayoiona. Kama programu yako inakuruhusu, anza faili la CMYK, yaani la rangi za wino wa printa, tangu mwanzo, na kwenye bluu hakikisha kiwango cha pinki kipo chini ya bluu-maji kwa namba kama 30 hivi. Faili la A4 liwe nukta 2480 kwa 3508, chini ya hapo mistari inatoka na ukungu. Na usikubali aprinti zote 60 kwa mkupuo, muombe akutolee kipande kidogo kwanza, toka nacho nje ukakiangalie juani, taa za dukani zinadanganya bluu.