Wingu Moja, Sheria Nne: Kwa Wenye Kampuni za Kliaringi Mombasa

Ukitoa kontena Kilindini kwenda Kampala, Kigali au Arusha, unashika data za watu wa nchi nne: leseni za madereva, pasipoti za wenye mizigo, namba za simu. Zote huingia kwenye akaunti moja ya wingu, yaani kompyuta za kukodi kupitia intaneti, na seva zenyewe huenda ziko Ulaya au Afrika Kusini. Kungoja sheria za nchi hizi za kulinda data ziwe sawa ni kupoteza wakati. Mkataba wa Malabo wa Umoja wa Afrika, unaohusu usalama wa mtandao na ulinzi wa data, ulipitishwa mwaka 2014, ukaanza kutumika Juni 2023. Oanisha mwenyewe, ndani ya kampuni yako.

Chora jedwali: nchi juu, masharti pembeni, kisha katika kila sharti fuata lililo kali zaidi. Data zikivuja, Kenya inakupa saa 72 kumwarifu Kamishna wa Data, Rwanda saa 48, na Uganda inataka uarifu mara moja. Mtu akiomba kuona data zake, kanuni za Kenya zinakupa siku 7, ilhali sheria ya Ulaya, ambako huenda seva zako ziko, inatoa mwezi mmoja. Basi siku 7 ziwe za wote. Hakuna haja ya kuweka saa mbili tofauti ukutani.

Mikataba ndiyo inayowaponza wengi. Sheria ya Kenya inampa anayekuchakatia data, yaani anayezitunza au kuzishughulikia kwa niaba yako, saa 48 kukujulisha kuwa kumevuja. Akizimaliza zote, neno "mara moja" la Uganda halina maana tena. Kampuni kubwa za wingu hazitakubadilishia mkataba wao, usijisumbue. Fundi wa hapa anayekusimamia akaunti, huyo unaweza kumbana: andika saa 24, na taja namba ya simu inayopokelewa hata Jumapili.

Kuna mahali mbinu hii inagoma: data ikae wapi. Sheria ya Rwanda namba 058/2021 inataka zihifadhiwe ndani ya nchi, isipokuwa cheti chako cha usajili kinaruhusu nje. Tanzania, ambayo sheria yake ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, inataka kibali cha Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kabla ya kuzisafirisha. Hapa usichanganye, tenga. Kwenye fomu weka sehemu ya nchi, iwe ya lazima, tangu rekodi inapoingizwa. Bila hiyo utakuja kuzitenga kwa kuangalia +250 na +255, na dereva Mnyarwanda mwenye laini ya Kenya atakupotea.

Ukishachagua eneo la seva, kagua pia nakala za akiba. Huenda hifadhidata iko Johannesburg huku akiba inajinakili bara jingine kwa sababu aliyefungua akaunti aliacha mipangilio ilivyokuwa. Kumbukumbu za mfumo, yaani orodha ya nani aliingia na alifanya nini, nazo hubeba majina na namba. Na fundi wa msaada akifungua faili lako akiwa nchi nyingine, chukulia kwamba data zimevuka mpaka, hata kama seva haikusogea.

Faili za wafanyakazi ziangalie kwa jicho la pekee. Kenya inahesabu majina ya watoto, ya wazazi na ya mume au mke kuwa data nyeti, pamoja na mali ya mtu. Ile fomu ya bima yenye majina ya familia, kabla ya kuipeleka kwenye seva ya nje, unahitaji ridhaa ya mfanyakazi na uthibitisho kuwa ulinzi wa huko unatosha. Ni rahisi zaidi kutoipeleka.

Kuhusu kujisajili kwa Kamishna wa Data: wenye mapato chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10 wamesamehewa Kenya, lakini huduma za usafiri zimetajwa miongoni mwa zisizosamehewa. Ukiwa na hata trela moja lako mwenyewe, jisajili. Cheti hudumu miezi 24.