Hofu ya ndege kutikisika angani: yaliyonisaidia mimi

Ndugu yetu uliyeuliza, pole sana. Umesema kwamba tangu treni ya SGR, yaani reli ya kisasa, ilipoanza mwaka 2024 umekuwa ukienda nayo Dar es Salaam ili kukwepa ndege, na sasa kazi inakutaka ufike Mwanza mara kwa mara, ambako reli hiyo haijafika. Nami ni mkazi wa Dodoma na hofu hiyo naifahamu vizuri, kwa hiyo nakujibu kwa yale niliyoyapitia.

Kilichonitesa zaidi ni kutojua mtikisiko unatoka wapi, kwa maana kila ndege iliposhtuka nilidhani imeharibika. Huku kwetu chanzo chake mara nyingi ni ardhi yenyewe: ni kavu, miti ni haba, na jua likishakuwa kali hewa iliyopata joto hupanda kwa nguvu mahali hapa na kwa unyonge mahali pale, hivyo ndege inayopita humo hunyanyuliwa na kushushwa. Ndiyo maana hukata tiketi ya asubuhi na mapema kila ninapoweza, na tofauti naiona wazi, hasa miezi ile ya joto kabla ya mvua. Omba pia kiti kilicho usawa wa mabawa, kwa kuwa mkiani ndege huyumba zaidi.

Ukiyaona mabawa yakipinda usiogope, yameundwa yapinde. Kanuni zinataka ndege ya abiria istahimili mara moja na nusu ya mzigo mkubwa kabisa unaotarajiwa angani. Anayeumia katika misukosuko hiyo kwa kawaida ni asiyefunga mkanda, kwa hiyo ufunge muda wote, hata taa ya ishara ya mkanda ikizimwa. Vilevile, muda mfupi baada ya kuruka rubani hupunguza nguvu za injini. Mlio hushuka na tumbo huhisi kama ndege inadondoka, ilhali bado inapanda.

Mimi huweka mbele yangu chupa ya maji iliyojaa nusu. Mwili unaponiambia kwamba tunaporomoka, huyatazama yale maji: huchezacheza, hugusa ubavu wa chupa, kisha hutulia karibu usawa uleule. Wakati huohuo huachia mikono ya kiti, maana kuikamata kunakaza mwili mzima, na hutoa pumzi taratibu kwa muda mrefu kuliko ninavyoivuta. Mwambie pia mhudumu mapema kwamba unaogopa. Wamezoea, nao hupita kukujulia hali.

Lakini kama hofu inakunyima usingizi siku kadhaa kabla ya safari, nenda Hospitali ya Mirembe, ile ya magonjwa ya akili hapa Dodoma. Najua watu hulitania jina lake, na utani huo unawaumiza wengi wanaohitaji msaada. Wataalamu wa afya ya akili tunao hapahapa mjini. Dawa ya kutuliza, kama itahitajika, ipokee kwa daktari na wala si kwa rafiki.