Vitufe vya mkato: tukubaliane nini?

SWALI: Assalaam alaykum, Mhariri. Mimi ni mchapaji katika duka la kuchapa na kutoa nakala hapa Wete. Kwa siku moja hutumia programu tatu, ya maandishi, ya kuchora kadi za harusi na ya kusafisha picha. Nikitengua jambo kwa Ctrl+Z zote hunielewa, lakini nikitaka kulirejesha, moja hutaka Ctrl+Y na nyengine Ctrl+Shift+Z. Mkono wangu wa kulia ni dhaifu tangu utotoni, kwa hiyo nilibadilisha vitufe vya programu moja vifikiwe na mkono wa kushoto, na kompyuta ilipobadilishwa nikaanza upya. Kwa nini watengenezaji wasiweke vitufe vya aina moja kwa programu zote?

JIBU: Waalaykumu ssalaam, ndugu yetu. Jambo hilo lilijaribiwa zamani. Z, X, C na V za kutengua, kukata, kunakili na kubandika zilienea kutokana na kompyuta za Apple, yaani Lisa ya 1983 na Macintosh ya 1984, na zilichaguliwa vyema kwa sababu zimepangana safu ya chini, karibu na vidole vya kushoto. Mwaka 1987 kampuni ya kompyuta ya IBM nayo ilitoa kanuni zake, ambamo kunakili ni Ctrl+Insert na kubandika ni Shift+Insert, na hadi leo programu nyingi za Windows zinazikubali njia zote mbili.

Hata hivyo, naona kuwalazimisha watu wote vitufe vilevile kungekuumiza wewe kwanza, kwa kuwa kilicho rahisi kwa mwenye mikono miwili yenye nguvu si rahisi kwako. Kwenye kibodi za Kifaransa Z imepanda safu ya juu, ilipo W yetu. Katika Word ya Kihispania, Ctrl+G ndiyo inayohifadhi na Ctrl+N hukoleza maandishi, ilhali kwetu Ctrl+N hufungua waraka mpya.

Kinachopaswa kusanifishwa, kwa maoni yangu, ni majina ya vitendo. Kila programu itangaze kwamba inacho kitendo cha “rejesha”, kwa jina moja linalojulikana na programu zote, kisha iulize faili moja ya mtumiaji ni vitufe gani vinavyokiita. Faili hiyo iwe mali yako, ya maandishi ya kawaida, unayoweza kuichukua kwenye flashi. Wapemba tunaijua hali hii: Kiswahili Sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, na kamati iliyoundwa mwaka 1930 ikakisimamia, lakini nyumbani tunaendelea kusema Kipemba bila ya kushindwa kusoma gazeti.

Ugumu uko kwenye migongano. Katika dirisha la kuandikia amri, Ctrl+C husimamisha programu inayoendeshwa badala ya kunakili, kwa hiyo faili lazima iweze kusema kitufe kinafanya nini na kinatumika wapi. Pia lazima ijulikane nani ana neno la mwisho, na mimi ningelimpa mtumiaji, kisha programu, kisha mfumo wa kompyuta, isipokuwa kwa vitufe vichache vya usalama kama Ctrl+Alt+Delete. Kwamba linawezekana, tunaliona katika KDE, mazingira ya kazi ya Linux (mfumo wa kompyuta kama Windows) ambamo ukibadilisha kitufe cha kunakili mara moja kwenye mipangilio, programu zilizojengwa kwa ajili yake hufuata. Kilichobaki ni makubaliano ya kuvuka mipaka ya mtengenezaji mmoja, na hapo ndipo kila kampuni hubakia na desturi zake.

Kwa sasa, kama unaandikia LibreOffice, sehemu ya kubadilisha vitufe ina kitufe cha kuhifadhi mpangilio wako katika faili na chengine cha kuupakia, basi uhifadhi leo kwenye flashi. Katika Windows, bonyeza Shift mara tano ili uwashe huduma inayokuruhusu kubonyeza Ctrl, Shift na Z kimoja baada ya chengine, kwa kidole kimoja.